Naishi Krete na ardhi haitulii, ni kweli Afrika ndo inatusukuma?

"Shikamoo mwalimu. Mimi mtu wa Tanga, nafanya kazi hotelini Krete, kile kisiwa kikubwa cha Ugiriki, nimepanga Heraklion ghorofa ya pili na binti yangu wa miaka tisa, nyumba yenyewe ya zamani. Tangu yale matetemeko ya Mei 2025 sijalala vizuri, usiku nasikia kitanda kinacheza hata kama hakuna kitu. Kazini kila mtu ana lake. Mmoja anasema bara la Afrika linakuja kwa nguvu linatusukuma na kisiwa kitazama, mwingine anasema volkano ya Santorini inajiandaa na ikilipuka sisi ndo wa kwanza, mwingine ananiambia nisijali, hivi vidogo vidogo vinapunguza presha kwa hiyo kubwa halitakuja. Rafiki yangu yuko Chania anasema nihamie huko kumetulia. Ukuta wa chumbani una nyufa ila mwenye nyumba anasema ni plasta tu. Nihame? Nirudi nyumbani? Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kuogopa tetemeko ukiwa peke yako na mtoto, nchi ya watu, halafu kila mtu anakupa habari yake, si jambo dogo. Nitajibu yote ila niseme mapema kabisa kwamba katika uliyoandika, kilichonishtua mimi si Afrika wala Santorini, ni hizo nyufa ukutani. Tutafika huko, vumilia kidogo kwanza nikueleze chini ya miguu yako kuna nini, maana ukishaelewa hilo hata maneno ya kazini utayapima mwenyewe.

Tuanze na Afrika. Picha waliyonayo wengi, hata waliosoma, ni ya mabara mawili yanagongana na Krete imebanwa katikati. Si uongo wote. Bamba la Afrika, yaani kile kipande kikubwa cha ganda la dunia kilichobeba bara hilo, kweli linakwenda kaskazini, ila taratibu mno, pande hizo halifikishi hata sentimita moja kwa mwaka. Anayekimbia ni nyie. Vipimo vya GPS vilivyofungwa visiwani vinaonesha Krete na sehemu kubwa ya Bahari ya Aegean zinateremka kuelekea kusini-magharibi kwa zaidi ya sentimita tatu kwa mwaka ukilinganisha na Ulaya. Ukijumlisha, kisiwa na sakafu ya bahari iliyoko kusini yake vinakaribiana kama sentimita tatu na nusu hadi nne kila mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ni Krete kuifuata Afrika, si Afrika kuisukuma Krete. Na hata hiyo "Afrika" yenyewe siyo yetu sote: wataalamu siku hizi wanaligawa bamba hilo mara mbili kwa kufuata Bonde la Ufa, upande wa magharibi wanauita Nubia na wa mashariki Somalia, kwa hiyo Misri na Libya zinazotazamana na Krete ziko Nubia, Tanga yako iko Somalia. Ukiambiwa tena kwamba nyumbani kwenu ndo kunawasukuma, kataa.

Sasa kwa nini Krete iifuate Afrika? Hapa ndo pana utamu wa jambo lenyewe. Kati ya Krete na pwani ya Libya sakafu ya bahari ni ya zamani ajabu, inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka milioni 200, na mwamba wa bahari kadiri unavyozeeka ndivyo unavyopoa na kuwa mzito. Ukifika kusini ya Krete mwamba huo unapinda na kuzama chini ya kisiwa, unaelekea kaskazini huku ukienda chini zaidi na zaidi, mpaka chini ya Santorini uko kama kilomita 150 hivi. Lakini hauzami kwa kusukumwa tu, unazama kwa uzito wake. Chukua blanketi zito lililolowa maji, liache upande mmoja uning'inie nje ya kitanda, utaona kile kipande kilichoning'inia kinavuta kilichobaki juu. Na kwa kuwa mwamba huo unazama kwa kudondoka, si kwa kuteleza kimshazari peke yake, ule mstari unapopindia nao unarudi nyuma nyuma kuelekea Afrika mwaka baada ya mwaka. Pengo halibaki wazi, kwa hiyo ardhi ya juu, yaani Aegean yote na Krete ikiwa ukingoni, inavutika kusini kulijaza.

Matokeo yake ni kitu ambacho mtu hakitegemei kabisa. Ungedhani kisiwa kilicho mpakani pa mabamba mawili yanayokaribiana kinabanwa tu. Kumbe Krete inavutwa, na inapovutwa inakatika. Bahari iliyo kaskazini yenu, ile unayoiona ukiwa bandarini Heraklion, ina mahali penye kina cha zaidi ya mita 2,000 kwa sababu ganda la dunia hapo limetandazwa likawa jembamba. Kisiwani kwenyewe nyufa kubwa za ardhi zimekata nchi vipande vipande, kimoja kimepanda kimoja kimeshuka, ndo maana unaendesha gari nusu saa kutoka kwenye bonde lenye mizeituni unajikuta chini ya mlima Psiloritis wenye mita 2,456. Pale kisiwa kinapobanana kiuno, upande wa Ierapetra, kuna ufa unaokatiza karibu kutoka bahari moja hadi nyingine. Aina hii ya nyufa ni ileile ya kwetu Manyara na Natron: ardhi inavutwa, inakatika, upande mmoja unadondoka. Chanzo tofauti, tabia moja.

Ukishika hilo utaelewa kwa nini tetemeko na tetemeko hazifanani. Yale ya Mei 2025 yaliyokuharibia usingizi yalikuwa mawili makubwa, la tarehe 14 pande za kisiwa cha Kasos mashariki yenu, na la tarehe 22 asubuhi, baharini kaskazini kwenu, yote karibu na ukubwa wa 6. Yalisikika mbali sana, la kwanza mpaka Misri watu waliamka, na bado hayakuua mtu. Kwa nini? Kwa sababu yalitokea chini sana, kilomita 60 na zaidi, ndani ya ule mwamba wenyewe unaozama. Mtikisiko ukitoka kina hicho unasambaa eneo kubwa lakini ukifika juu umeshachoka.

Linganisha na la Arkalochori, mji mdogo kusini-mashariki ya Heraklion, tarehe 27 Septemba 2021. Ukubwa wake ulikuwa huohuo wa kama 6, wengine wamepima 5.8. Ila lilitoka kilomita kumi tu chini ya ardhi, kwenye zile nyufa za kuvutika nilizokwambia, karibu chini ya vijiji vyenyewe. Mtu mmoja alifariki ndani ya kikanisa kilichoporomoka, na nyumba nyingi sana za mawe za vijijini zikawa hazikaliki tena. Namba moja, matokeo mbalimbali kabisa. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia tetemeko usiulize tu "Richter ngapi", uliza pia lilikuwa chini kiasi gani na mbali kiasi gani. Na uliza nyumba za hapo zimejengwa na nini, maana sisi tunalijua hili kwa uchungu wake: la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9, kwa Ugiriki hiyo si habari ya dunia, lakini Bukoba liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi za tofali zisizo na nguzo wala lenta. Ardhi ilitikisa, tofali ndo zilizoua.

Kuna aina ya tatu, nayo ndiyo ya kuheshimu kuliko zote, ya kule kusini baharini mpakani penyewe pa mabamba na kwenye nyufa zinazochipuka kutoka hapo. Mei 2, 2020 kusini ya Ierapetra lilitokea la 6.6, likaleta sunami ndogo, maji yakapanda kidogo tu pwani. Hilo dogo. Kubwa lake ni la tarehe 21 Julai mwaka 365, ambalo wengi wanalikadiria kuwa lilizidi 8, na alama yake ukitaka unaweza kwenda kuishika kwa mkono siku ya ofu.

Nenda magharibi, Falasarna. Kulikuwa na bandari ya kale pale, na bandari ipo mpaka leo ila haina maji, kuta za gati na minara vimekaa juu ya nchi kavu vinatazama bahari iliyo mita zaidi ya sita chini yake. Bahari haikukimbia, nchi ndo ilipanda. Ukizunguka mpaka pwani ya kusini, Sougia na Paleochora, tazama majabali ya chokaa yanayoingia baharini. Juu ya kichwa chako utaona mstari umechongeka kwenye jabali, umelala sawa kabisa kama mtu kapima kwa kamba ya fundi, na ukipanda karibu utaona vitundu vya duara vya kuingiza kidole, vingi, vimetobolewa na wale kome wanaochimba mawe na wasioweza kuishi nje ya maji. Hapo palikuwa usawa wa bahari. Pande za kusini-magharibi mstari huo uko mpaka mita tisa juu. Wanaosoma habari za Mtume Paulo watakumbuka meli yake ilivyohangaika pwani hiyohiyo ya kusini, sasa jua kwamba bandari kadhaa za magharibi alizokuwa akizisikia kwa mabaharia hazikuwa na sura ya leo.

Sunami ya mwaka huo 365 ilifika Alexandria ng'ambo huko Misri, mwanahistoria wa Kirumi Ammianus Marcellinus ameandika jinsi bahari ilivyorudi nyuma, watu wakashuka kuokota samaki, kisha maji yakarejea yakawafunika na meli zikatupwa juu ya mapaa. Mwaka 1303, Agosti 8, likaja jingine kubwa upande wa mashariki kati ya Krete na kisiwa cha Rhodes, nalo likapeleka sunami na kuharibu mnara maarufu wa Alexandria.

Kwa hiyo je, kisiwa kitazama? Ushahidi unasema kinyume. Magharibi imepanda. Mashariki kuna sehemu imeshuka, pale Elounda kuna mji wa kale Olous ambao mabaki yake yako chini ya maji kina kifupi tu, lakini ukitazama kwa jumla na kwa mamilioni ya miaka, Krete inapanda. Kwenye milima yenu kuna mawe yaliyowahi kushushwa zaidi ya kilomita 30 chini na kile kitendo cha mwamba kuzama, yakakandwa huko kwa presha, halafu kama miaka milioni 20 iliyopita yakarudi kuja juu, leo mbuzi wanalala juu yake. Kisiwa chenye historia hiyo hakizami kwa sababu mtu wa kazini kasema.

Swali ambalo hujaliuliza wazi ila najua unalo: la mwaka 365 litarudi lini? Mwaka 2008 kuna watafiti walikadiria kwamba ufa uleule uliopasuka 365 huenda unachukua kama miaka 5,000 kujirudia, ila ukihesabu upinde wote wa huo mpaka wa mabamba kutoka magharibi ya Ugiriki hadi Rhodes, tetemeko la namna hiyo mahali fulani linaweza kuja kila miaka 800 hivi. Haya ni makadirio, si ratiba, na mjadala haujaisha, wapo wanaosema ile mita tisa haikupanda siku moja na kwamba nyufa za kuvutika nazo zilihusika. Kitu kinachokubaliwa na wengi ni kwamba sehemu kubwa ya zile sentimita nne za kila mwaka inapita kimyakimya bila kutetemesha, mwamba unateleza tu. Hiyo ni nafuu kwenu. Sehemu nyingine za dunia zenye mwendo kama huo zinapata ya 8 mara nyingi zaidi.

Sasa huyo anayesema vidogo vinapunguza presha. Namuelewa, inafariji, lakini hesabu inamkataa. Kila ukipanda namba moja kwenye kipimo nguvu inayotoka inaongezeka kama mara 32. Ili upunguze nguvu ya tetemeko moja la 7 unahitaji kama 32 ya ukubwa wa 6, au kama elfu moja ya 5, au zaidi ya elfu thelathini ya 4. Hivyo vidogo mnavyovisikia havifiki huko. Kwa hiyo vidogo havikuhakikishii usalama, na upande wa pili havitangazi msiba, mara nyingi sana vinakuja vinakwenda vinaisha hivohivo. Na mtu yeyote akikupa tarehe, awe mtandaoni awe profesa, mpuuze. Hakuna mwenye uwezo huo duniani mpaka leo.

Santorini. Hapa naomba utulie kabisa. Kwanza Krete haina volkano na sababu yake inaeleweka: mwamba unaozama ukiwa chini yenu bado haujafika kina cha kutosha, ukishafika ndani zaidi joto na presha vinaukamua maji, hayo maji yakipanda kwenye mwamba wa moto wa juu yake yanaufanya uyeyuke, ndo magma inapatikana. Kina hicho kinapatikana zaidi ya kilomita 100 kaskazini yenu, ndo maana volkano zimejipanga kwa mstari huko: Methana, Milos, Santorini, Nisyros. Nyie mko ukingoni kwenye matetemeko, wao wako nyuma kwenye moto.

Pili, kile kilichotokea Januari na Februari 2025 kati ya visiwa vya Santorini na Amorgos, ambapo matetemeko yalihesabiwa kwa maelfu mengi, kubwa likiwa 5.3, na watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kisiwani, kimeshachunguzwa. Ilikuwa magma inajipenyeza ndani ya ganda la dunia kwa upande, inapasua njia kuelekea kaskazini-mashariki, pakiwemo pande za Kolumbo, volkano iliyo chini ya bahari kilomita saba tu kutoka Santorini. Ikasimama huko chini bila kutoka. Si kwamba hakuna hatari: Kolumbo ililipuka 1650, gesi na mawimbi yakaua watu kama 70, na eneo hilohilo la Amorgos lilipata tetemeko la zaidi ya 7 mwaka 1956 lenye sunami. Ule mlipuko mkubwa sana wa zamani, wa kama mwaka 1600 kabla ya Kristo, sunami yake ilifika pwani yenu ya kaskazini, matope yake yamechimbuliwa Palaikastro, mashariki ya Krete. Lakini volkano ni tofauti na ufa. Volkano kwa kawaida inapiga kelele kwanza, ardhi inavimba, gesi zinabadilika, vitetemeko vinajipanga, na pale pana vyombo vinasoma usiku na mchana. Wewe Heraklion ukiamka usiku usimwaze Santorini. Mwache.

Haya, nyumba. Rafiki yako wa Chania anakupenda ila anakosea. Chania iko upande uleule uliopandishwa na la 365, na kwenye sheria za ujenzi za Ugiriki hakuna mji wa Krete unaohesabiwa kuwa nje ya hatari. Kutulia kwa miaka michache hakumaanishi kitu. Kubadili mji hakukusaidii. Kubadili nyumba ndani ya mji uleule kunaweza kukusaidia sana, na hilo nalisema bila kumung'unya.

Ugiriki ilipata kanuni ya kwanza ya kujenga kwa kuzingatia matetemeko mwaka 1959, ikakazwa katikati ya miaka ya 80, ikaandikwa upya 2000. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwenye nyumba: ilijengwa mwaka gani, kibali cha mwaka gani. Jengo la zege la baada ya 1985, afadhali, la baada ya 2000, afadhali zaidi. Nyumba ya mawe ya kabla ya 1959 isiyofungwa mkanda wa zege juu, hiyo ndo inayonitisha, hasa kama mtu kaja kuongeza ghorofa juu yake. Kuwa makini pia na yale majengo ambayo chini wameacha wazi kwa maegesho, yamesimama kwenye nguzo tu na ukuta unaanza ghorofa ya kwanza. Mengine yamepigiwa hesabu vizuri, mengine ya zamani hayakupigiwa, na jengo la hivo likitikiswa linakunja miguu. Na udongo nao una sauti yake, juu ya mwamba mtikisiko ni mfupi na mkali, juu ya udongo laini wa bondeni au kifusi cha pwani unakuzwa na kuchukua muda.

Nyufa zako. Ufa mwembamba kama unywele unaofuata maungio ya plasta, unaotambaa hovyo kama ramani, mwenye nyumba anaweza kuwa na haki. Lakini kama unapita mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, kama iko miwili imekatana kama herufi X, kama unaonekana upande wa pili wa ukuta, kama sarafu inaingia, kama ukuta umeachana na mwenzake kwenye kona, hiyo si plasta. Angalia na nguzo na bimu, za chini kabisa na za varanda: zege likiwa limebanduka na nondo inaonekana ina kutu, na mijini kwenye chumvi ya bahari hii ni kawaida, jengo limeshapoteza sehemu ya nguvu yake hata bila tetemeko. Weka alama ya penseli mwisho wa kila ufa na tarehe, piga picha na sarafu pembeni. Baada ya wiki chache ukiona ufa umepita alama, umeshapata jibu.

Mimi siwezi kukuambia kwa maandishi kama nyumba hiyo ni salama, na mtu yeyote asikuambie hivo bila kufika. Anayeweza ni injinia wa majengo mwenye leseni huko, akaitazama kwa macho. Kama ilikaguliwa baada ya matetemeko ya karibuni, itakuwa imepewa rangi: kijani inakaliwa, njano haikaliwi mpaka itengenezwe, nyekundu ni hatari. Uliza rangi gani. Kama haikukaguliwa, nenda manispaa ya Heraklion kitengo cha ufundi uombe, nenda na mwenzio wa kazini aliye Mgiriki akusaidie lugha, na kilio cha mwenye nyumba kisikuzuie. Ila usimsubiri injinia yeyote kama mlango umeanza kukwama ghafla, kama sakafu imelala upande, kama unasikia jengo linatoa milio au vipande vinadondoka, au harufu ya gesi. Hapo chukua mtoto utoke, upige 112 ukiwa nje.

Kurudi nyumbani? Sikufichi, kwa hatari ya tetemeko peke yake Tanga iko salama zaidi kuliko Krete, ingawa la Agosti 2020 lililotoka baharini likatikisa Dar na Zanzibar lilitukumbusha kwamba hatuko nje kabisa. Lakini kazi, shule ya mtoto na maisha yako hayapimwi kwa tetemeko tu. Kama ni mimi, ningebaki Krete na kuhama nyumba. Kodi ikiwa kikwazo, basi angalau chumba cha kulala kihamie upande usio na nyufa, kitanda kitoke chini ya kabati na dirisha, kabati lifungwe ukutani kwa skrubu, chupa na majiko visikae juu ya vichwa vyenu. Wengi wanaumia kwa vitu vya ndani, si kwa jengo.

Mfundishe binti: likianza asikimbilie ngazi wala lifti, aingie chini ya meza imara ashike mguu wa meza mpaka liishe, ndo mtoke. Pale Heraklion Makumbusho ya Historia ya Asili ya Krete yana chumba kinachotikiswa kuigiza tetemeko, mpeleke, watoto wakishalijaribu wakiwa wanacheka hofu inapungua. Kazini kwako kama hoteli iko ufukweni, kumbuka 365 na 2020: ukihisi mtikisiko mkali, au ambao si mkali ila hauishi, sekunde ishirini na kuendelea, au ukiona bahari imerudi nyuma, usisubiri meseji ya 112 wala king'ora, panda juu na wageni wako kwa miguu, na usishuke mpaka mamlaka waseme. Wimbi la kwanza mara nyingi siyo kubwa kuliko yote.

Na hiyo ya kitanda kucheza usiku wakati hakuna kitu, hujachanganyikiwa. Watu wengi waliopitia matetemeko mfululizo wanaipata, mwili unabaki umejikaza unasubiri. Weka glasi ya maji kwenye meza ya kitandani, ukihisi kitu itazame: maji yametulia, ni mwili wako, geuka ulale. Zima simu mapema, zile programu zinazolia kila tetemeko la 2 ondoa, hazikusaidii chochote. Lakini kama miezi imepita bado hulali, au unaogopa kuingia ndani, au mtoto ameanza kukojoa kitandani na kukataa kubaki peke yake, hapo ni pa daktari, wa familia anatosha kuanzia, mweleze wazi kwamba ilianza Mei baada ya matetemeko. Na mwaka wa jengo ukishaujua niandikie tena, pamoja na picha za hizo nyufa zikiwa na sarafu.